Uzi: Prometheus (2012), muvi yenye picha za hatari na watu waliojitoa ufahamu

Wakuu habari za muda huu.

Kuna mabishano hayaishi kila ikitajwa muvi kubwa ya sayansi ya kubuni, hizi za vyombo vya anga na viumbe wa sayari za mbali. Mmoja anasema picha ni hatari, mwingine anasema stori hamna kitu, wanarushiana maneno wanaachana, ikitoka nyingine wanaanza upya. Leo naomba tushike moja tu tuichambue mpaka mfupani, na nimechagua Prometheus ya 2012. Kama hujaiona na unapanga kuiona basi ishia hapa, maana nafumua kila kitu.

Kwa nini hii na sio nyingine? Kwa sababu mwongozaji wake, Ridley Scott, ndiye huyohuyo aliyetupa Alien mwaka 1979. Ulimwengu wa stori ni uleule, mtu ni yuleyule, kilichobadilika ni miaka 33 na pesa. Alien ilitengenezwa kwa dola kama milioni 11, Prometheus ikala kama milioni 130, na hata ukipiga hesabu ya dola kushuka thamani bado pengo ni kubwa. Kwa hiyo hapa huwezi kusingizia kwamba jamaa hajui kazi. Anaijua kuliko karibu wote walio hai, ndo maana inauma.

Tuanze na sifa, maana inastahili. Dakika za mwanzo za Prometheus ni kati ya vitu vizuri kabisa kuwahi kuwekwa kwenye skrini. Kiumbe mrefu, mweupe pe, misuli imechongeka, amesimama ukingoni mwa maporomoko (palipigwa Dettifoss kule Iceland, maji ya kweli yale), juu yake chombo kikubwa kinaondoka kinapotelea mawinguni, anafungua kikombe kidogo anakunywa kitu cheusi. Ngozi inaanza kupasuka, mishipa inageuka myeusi, kamera inazama mpaka ndani ya mwili unaona vinasaba vinakatika, anaanguka majini, na kule chini vinasaba vinaanza kujiunga upya. Hakuna neno hata moja limetamkwa na umeshaelewa kwamba kuna uhai umepandwa pale kwa gharama ya mtu kujitoa.

Halafu kuna David, roboti aliyechezwa na Michael Fassbender, yuko peke yake chomboni wenzake wote wamelala, anaendesha baiskeli huku anarusha mpira wa kikapu, anajipaka nywele rangi afanane na mtu aliyemuona kwenye sinema ya zamani. Na baadaye kile chumba cha ramani ya nyota, taa zinamzunguka pande zote, sayari zinaelea hewani, ananyoosha mikono anaishika Dunia nzima kwenye viganja na uso wake unakuwa wa mtoto aliyepewa zawadi. Seti nyingi walizijenga kweli, kubwa, kwenye studio za Pinewood Uingereza, hawakuwasimamisha tu waigizaji mbele ya kitambaa cha kijani, na inaonekana, taa zinagusa nyuso vizuri, kuta zina unyevu, unahisi baridi. Arthur Max aliyesanifu na Dariusz Wolski aliyeshika kamera walifanya kazi yao yote na ya ziada.

Sasa tuje kwa binadamu waliomo humo ndani.

Safari ya kuwatafuta viumbe wanaoaminika ndio walituumba imegharimu dola trilioni moja kwa mujibu wa muvi yenyewe. Watu 17. Wamelala zaidi ya miaka miwili kwenye mashine wanaelekea mwezi wa sayari ya mbali ambao hakuna aliyewahi kuukanyaga. Na wengi wao wanaambiwa wanaenda kufanya nini BAADA ya kuamka, wakiwa wameshafika! Mwanajiolojia na mwanabiolojia wa msafara wamekubali kuondoka Duniani miaka kadhaa bila kujua wanaenda kusomea kitu gani. Haya, tuseme mshahara ulikuwa mnono, tuendelee.

Wanaingia kwenye lile jengo la mawe, kipimo kinaonyesha hewa ya mle inafaa kuvuta, Holloway, mmoja wa wanasayansi wakuu wa msafara, palepale anavua helmeti. Wenzake wanamkataza kidogo halafu nao wanavua. Ni wanasayansi hawa, na hakuna anayeuliza habari za vijidudu, hakuna anayesema tusubiri vipimo vingine, wanaingia kichwakichwa kwenye kaburi la viumbe wasiowajua huku nyuso ziko wazi. Halafu Fifield, yule mwanajiolojia, ambaye ndiye mwenye zile mashine ndogo za kuruka zinazochora ramani ya mapango, ndiye anayepotea njia. Yaani mwenye ramani kapotea, na kule chomboni kapteni anaiona ramani yote kwenye meza yake, na wanaongea kwa redio.

Ila kinachoniuma zaidi ni cha Millburn, yule mwanabiolojia. Tuangalie taratibu kidogo. Mchana ule wanakuta maiti ya kiumbe mgeni iliyokufa miaka elfu mbili iliyopita. Kwa mwanabiolojia hii ni siku ya maisha yake yote, huyu alitakiwa afukuzwe pale kwa nguvu. Yeye anaogopa, anasema anarudi zake chomboni na Fifield. Sawa, ni mwoga, tumekubali, muvi imetuambia ni mwoga. Usiku, wamekwama mle ndani, kwenye majimaji meusi kunainuka kitu hai, kirefu, kinatanua kichwa namna nyoka anavyotanua anapotaka kuuma, na huyuhuyu Millburn anakisogelea, anakibembeleza kwa sauti ya kuongelesha mtoto, ananyoosha mkono akishike. Kinamvunja mkono kinamuingia mdomoni. Efekti pale ni safi kabisa, mfupa unausikia. Na mimi sijaogopa hata kidogo kwa sababu nimekasirika. Mtu aliyekimbia maiti kavu anambembeleza nyoka hai kwa sababu moja tu, picha ya nyoka kumuingia mtu mdomoni ilishapangwa kwamba iwemo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo wakuu. Tatizo la muvi hizi sio picha kuwa nyingi. Tatizo ni mtu kufanya kitu kwa sababu picha inakihitaji, sio kwa sababu yeye ni mtu wa kukifanya.

Sasa rudi 1979 uangalie mlango. Kane, mmoja wa wafanyakazi wa chombo kwenye Alien, katoka nje na kapteni Dallas na mwenzao Lambert, kiumbe kimemrukia usoni, wenzake wamembeba mpaka mlangoni pa chombo wanataka kuingia. Ndani yuko Ripley, na kwa kuwa wakubwa wako nje yeye ndiye mwenye mamlaka. Sheria ya karantini inasema saa 24. Dallas anaamuru fungua, Ripley anakataa. Dallas anasema huyu atakufa, Ripley anasema tukifungua tunaweza kufa wote. Na wote wawili wako sahihi! Mmoja ana rafiki anakufa mikononi, mwingine anabeba roho za waliobaki. Anayefungua ni Ash, mwanasayansi, na kwa wakati ule unadhani ni huruma, mpaka baadaye unapojua ni roboti na kampuni ilishampa amri yake. Hebu niambie hiyo sini imegharimu nini? Korido, mlango, na sauti kwenye spika. Ila kila maafa yanayofuata yametoka kwenye ule mlango, na kila mtu alifanya kile ambacho mtu wa namna yake angekifanya.

Na yule mnyama mwenyewe anaonekana dakika chache tu muvi nzima. Ndani ya lile vazi alikuwemo Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa anasoma usanifu wa michoro London, walimkuta baa, mrefu zaidi ya mita mbili, viungo virefu vyembamba. Mtu ndani ya vazi la mpira, tena gizani, na hadi leo watu wanaogopa. Sisemi kompyuta ni mbaya, nasema tulikuwa tunamuogopea mtu tunayemjua.

Kuwa mkweli, Prometheus nayo ina mlango wake na pale inafanya kazi. Holloway ameambukizwa, wanamrudisha chomboni, Vickers (Charlize Theron), msimamizi wa msafara, anasimama mlangoni na mtambo wa moto anasema huyu haingii. Holloway mwenyewe anamwambia fanya. Anamchoma. Ni sini nzito kwa sababu Vickers tangu mwanzo ni mtu wa baridi, anayelinda chombo kuliko watu, na hapa tunaona ukali wake una maana. Nzuri sana. Sasa subiri, muda mfupi baadaye mwili wa Fifield unaonekana umejikunja nje ya chombo, mtu aliyepotea usiku kucha mle ndani, na wanafungua mlango wanashuka kwenda kumuangalia. Mlango uleule ambao mwenzao amechomwa hai ili usiingize ugonjwa. Maana yote iliyojengwa pale imemwagika.

Na ile ya mashine ya upasuaji, jamani. Elizabeth Shaw (Noomi Rapace), mwanasayansi na mpenzi wa Holloway, hawezi kuzaa, ameshatuambia kwa uchungu, sasa anagundua ana kitu tumboni kinachokua kwa kasi. Anakimbilia mashine, mashine inamwambia imepangwa kwa ajili ya mwanaume tu, anabadilisha maelekezo akiwa anatetemeka, analala, leza inamkata, mkono wa chuma unamtoa kile kiumbe kikiwa hai kinapigapiga juu ya uso wake, mashine inamfunga tumbo kwa pini za chuma yeye akiwa macho. Hapo picha na mtu wamekuwa kitu kimoja. Hakuna aliyeiona akaisahau.

Kisha anatoka, damu mwilini, anayumba, anaingia chumba kingine anakuta watu wanamhudumia mzee Weyland, tajiri aliyelipia safari, ambaye tulidhani amekufa. Na hakuna anayeshtuka ipasavyo. Hakuna anayesema wewe umepatwa na nini, kilichotoka kiko wapi, kimefungiwa au kinatembea? Kiumbe kigeni kiko hai ndani ya chombo na mazungumzo yanaendelea kuhusu mambo mengine. Shaw naye hakitaji kile kiumbe. Anavaa nguo, anaondoka nao kwenda kuamsha kiumbe mwingine.

Watetezi wake huwa wanasema ni muvi ya mafumbo, haitaki kutafuniwa. Hapana. Fumbo ni pale mtu anauliza kwa moyo wote na hajibiwi, kama David anapomuuliza Holloway kwa nini binadamu mlinitengeneza, anajibiwa kwamba ni kwa sababu tuliweza, na David anamuuliza unadhani ungejisikiaje ukisikia jibu hilo toka kwa aliyekuumba wewe. Hilo ni fumbo, linakutafuna wiki nzima. Ila mtu aliyetakiwa kuuliza asipouliza, hilo ni tundu, na haliwi fumbo kwa sababu tu muziki umepigwa kwa huzuni.

Naendelea hapa chini, ilikuwa ndefu.

Tundu lenyewe limetoka wapi? Skripti ya kwanza aliandika Jon Spaihts, na ilikuwa inaelekea moja kwa moja kwenye Alien, kama utangulizi wake kabisa. Baadaye akaletwa Damon Lindelof kuiandika upya, vitu vya Alien vikapunguzwa, maswali makubwa ya nani alituumba yakawekwa mbele, na majibu yakasukumwa mbele kwa muvi ijayo. Ukijua hivyo unaiona ile muvi inavyopwaya, unaona mahali vipande viwili vimeshonwa. Muvi ya kutisha inahitaji watu wakosee ili wafe mmojammoja. Muvi ya maswali makubwa inahitaji watu wenye akili wanaofikiri. Wamechukua watu wa ile ya kwanza wakawapa mazungumzo ya ile ya pili.

Na majibu yalikuja? Alien: Covenant, 2017. Shaw, ambaye mwisho wa Prometheus tunamuacha akisafiri kwenda kuwauliza waumbaji kwa nini walitaka kutuua, tunakuta alishakufa, hatukuoneshwa safari yake. Waumbaji wenyewe tunaona David akiwamaliza kwenye kumbukumbu fupi, mji mzima, picha ya kutisha na nzuri mno, na swali likafa nao. Na msafara mpya unashuka sayari ngeni bila helmeti KABISA. Mauzo yakaonesha, Prometheus iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani, Covenant ikaishia kama milioni 240. Mtu alinunua tiketi akisubiri jibu, akapewa picha nyingine.

Nimerudi, nimesoma michango yenu, nijibu michache.

Aliyesema sinema ni macho, anayetaka maongezi akasikilize redio. Mkuu nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani, sijaomba maongezi yaongezwe mahali popote, ule mwanzo wa Iceland niliousifia hauna neno. Chukua 2001: A Space Odyssey ya 1968. Wanaanga wawili wamejifungia kwenye chombo kidogo wakate sauti, wajadili kuizima kompyuta HAL ambayo wameanza kutoiamini. Sisi tunaona midomo yao kupitia dirisha, kimya, kamera inahama kutoka mdomo wa huyu kwenda wa yule, huyu, yule. Basi. Ni HAL anasoma midomo. Umeambiwa kwa picha tupu kwamba hawa watu wamekwisha na wao hawajui. Picha pale ndiyo stori yenyewe. Kwa hiyo mimi sipingi macho, nataka macho yapewe kitu cha kujua.

Aliyesema pesa nyingi ndizo zinaua stori. Hapo siendi na wewe moja kwa moja. Interstellar ya 2014 ilikula dola kama milioni 165, shimo jeusi lake lilichorwa kwa hesabu za mwanafizikia Kip Thorne, ikabeba Oscar ya efekti. Lakini muulize yeyote anakumbuka nini, atakwambia Cooper, yule rubani aliyeacha watoto Duniani, amekaa kwenye kiti anaangalia jumbe za video za miaka 23 alizokosa, kwa sababu saa moja kwenye ile sayari ya maji ilikuwa miaka saba Duniani. Wimbi kubwa kama mlima ulilishangaa, ila umeelewa limegharimu nini ulipouona uso wa baba akitazama watoto wake wanazeeka. Pesa zilitumika, na mtu yumo.

Upande wa pili kuna Godzilla Minus One, ya Japani, 2023. Bajeti chini ya dola milioni 15, timu ya efekti watu kama 35, wakachukua Oscar ya efekti 2024 mbele ya majitu. Takashi Yamazaki aliandika skripti, akaongoza, na akasimamia efekti yeye mwenyewe. Mimi hapo ndipo naona siri, aliyeandika kwamba rubani wa stori hiyo anaogopa kubonyeza kitufe cha risasi ndiye huyohuyo aliyekaa kwenye kompyuta kupanga mnyama aje kwa ukubwa gani na lini. Kwenye hizi kubwa mara nyingi efekti zinagawiwa studio nyingi, tarehe ya kutoka imeshatangazwa, na ukurasa ukibadilishwa kuna watu mia kadhaa wanabadilisha kazi usiku.

Na hapo niseme jambo moja la kando. Tunapotukana muvi tusiwatukane mafundi wa efekti. Prometheus iligombea Oscar ya efekti ikashindwa na Life of Pi, na Rhythm & Hues, studio iliyomtengeneza yule chui milia, ilikuwa imeomba ulinzi wa kufilisika wiki mbili hivi kabla ya usiku wa tuzo. Walishinda wakiwa wamefilisika. Hao sio wanaoandika mtu ambembeleze nyoka.

La mwisho ndilo gumu, na ahsante sana uliyelileta: kwamba hata Kane kwenye Alien aliinamia yai akachungulia, mbona yeye sio mjinga? Swali zuri mno. Rudi uangalie Kane tangu mwanzo. Ndiye wa kwanza kuamka. Ndiye anayejitolea kwenda nje. Lambert anataka warudi, Kane anasema tumeshafika huku lazima tuendelee. Ndiye anayeshushwa shimoni kwa kamba. Anapoinamia yai, helmeti iko kichwani, na kiumbe kinapita kwenye kioo kwa tindikali. Kwa hiyo Kane amekufa kwa sababu ni Kane, mtu wa kutaka kuona zaidi kidogo, umemuona hivyo nusu saa nzima na unajua kwamba wewe pengine usingeinama ila yeye ataiinamia tu. Millburn muvi ilimchora mwoga kisha ikamuua kwa ushujaa ambao hakuwa nao. Mngemuacha awe mwenye hamu tangu kwenye ile maiti, akatae kuondoka, Fifield amburuze, halafu usiku apate nafasi ya kugusa kiumbe hai cha kwanza kutoka nje ya Dunia katika historia, ile sini ileile, nyoka yuleyule, efekti zilezile bila kuongeza hata senti, ingekuwa inaumiza mpaka leo.

Na kwa wanaouliza kama waione: ioneni, kwenye skrini kubwa kadiri mtakavyopata, taa zizimwe. Ila anzeni na Alien, halafu mkifika kwenye Prometheus mtazameni David kila anapokuwa kwenye kona ya picha, hata wengine wakiwa ndio wanaongea. Yeye peke yake mle ndani anajua anachokitaka, na nikipata nafasi nitamshushia uzi wake.